Neno "Nairobi" lina urefu wa mita 112

Mwisho wa Juni saiba, vile vibanda vya intaneti, za mtaa wa Umoja hapa Nairobi hazipumui. Ritani za kodi zinafungwa tarehe 30, na kila aliyekuwa akiahirisha tangu Januari anaamka siku hizo hizo. Mwaka jana, katikati ya msimu huo, mama mmoja mwenye saiba alinipigia simu kabla sijanywa chai.

"Fundi, ile mashine ya chumba cha pili imenichosha. Mteja anajaza fomu yote, akibonyeza kutuma, inazunguka tu. Jana wawili wameinuka wakaenda kwa jirani."

Alikuwa ameshafanya yote ambayo watu hufanya. Alikuwa amehama kampuni ya intaneti. Alikuwa amenunua rauta nyingine. Kijana mmoja alikuwa amemfutia kompyuta na kuipanga upya, mara mbili, na mara zote mbili alilipwa. Kompyuta nyingine tano kwenye swichi hiyo hiyo, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, zilikuwa hazina neno. Ni hii moja tu, iliyowekwa chumba cha ng'ambo ya ngazi, pembeni ya mashine ya fotokopi, mwisho wa waya wa mita kama arobaini uliopitishwa darini.

Nilichomeka laptopu yangu kwenye waya huo. Taa ya kijani ikawaka, kasi ikasomeka megabiti 100 kwa sekunde. Nikatoa testa, ile ya taa nane inayouzwa kila duka la barabara ya Luthuli: moja, mbili, tatu, mpaka nane, zote zikawaka kwa mpangilio. Kwa kila kipimo ambacho fundi wa mtaani hubeba kwenye begi, waya ule ulikuwa mzima.

Kisha nikafungua hesabu za kadi ya mtandao, mahali ambapo fremu, yaani vifurushi vya data, zilizofika zikiwa zimeharibika huandikwa moja moja. Idadi ilikuwa imetulia. Mteja akaleta kitambulisho cha kunakiliwa, fotokopi ikaunguruma, na idadi ikaanza kupanda mbele ya macho yangu.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na bado naona wengi wetu hatujui kinachopita kwenye nyaya tunazozifunga kila siku. Tunajua anwani za IP, tunajua nywila za rauta. Chini ya hapo tunapaacha kama giza. Kwa hiyo leo nashuka huko, mpaka kwenye chipu yenyewe, kwa sababu tatizo la yule mama halieleweki kutoka juu.

Tumefundishwa kwamba kompyuta ni sifuri na moja. Kwenye waya hakuna sifuri wala moja. Kuna volti inayopanda na kushuka, na inayochakaa kadiri inavyotembea. Kila mwisho wa waya kuna chipu, transiva ya Ithaneti (ndilo jina la mtandao huu wa waya), ambayo kazi yake yote ni kugeuza biti kuwa volti upande huu, na upande wa pili kuziokoa biti kutoka kwenye volti iliyochoka. Ninayoitumia mimi kwenye vibao vya majaribio ni LAN8720: mraba wa milimita 4 kwa 4, miguu 24. Ukiiweka nyuma ya punje ya hindi huioni.

Tuchukue herufi N, ya kwanza katika jina la jiji hili, tuitume kwa megabiti 100. Kwenye kompyuta herufi hiyo ni biti nane, 01001110. Chipu inaipokea nusu nusu, biti nne nne, nusu ya chini ikitangulia: 1110, halafu 0100. Kila nusu inabadilishwa kwa jedwali maalumu kuwa biti tano. 1110 inakuwa 11100, na 0100 inakuwa 01010. Utauliza kwa nini kuongeza mzigo wakati tunataka kasi. Biti nne zina michanganyiko 16, biti tano zina 32, na waliotunga jedwali walichagua ile yenye moja za kutosha. Moja ndiyo inayosababisha mabadiliko kwenye waya, na mabadiliko, kama tutakavyoona, ndiyo uhai wa huyu anayesikiliza. Michanganyiko iliyobaki haikutupwa. Mingine imefanywa alama za kusema "fremu inaanza", "fremu imekwisha", "niko hapa lakini sina la kusema".

Sasa volti. Hapa viwango ni vitatu: juu, katikati, chini, yaani karibu volti moja chanya, sifuri, na volti moja hasi. Kanuni ni nyepesi kuliko inavyotisha. Ukikuta moja, sogea hatua ifuatayo katika mzunguko wa katikati, juu, katikati, chini. Ukikuta sifuri, baki ulipo. Basi 11100 01010, kuanzia katikati, inakuwa: juu, katikati, chini, chini, chini, chini, katikati, katikati, juu, juu. Hiyo ndiyo N. (Nimeruka hatua moja, ya kuzichanganya biti, nitairudia.) Wimbi likitaka kukamilisha duara lake lazima lipige hatua nne, kwa hiyo ijapokuwa alama milioni 125 zinatoka kila sekunde, mtikisiko wa kasi kabisa kwenye waya hauzidi megahezi 31.25. Ndiyo maana mfumo huu, uliotokana na kazi iliyofanywa kwa FDDI, mitandao ya nyuzi za mwanga, uliweza mwaka 1995 kupitisha megabiti 100 kwenye shaba ya kawaida bila kuharibu redio za majirani.

Mara ya kwanza nilipouona kwenye oskiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye kioo, katika maabara ya chuo, nilisimama. Mwalimu alipanga kioo kionyeshe alama nyingi zikiwa zimelaliana, na yakatokea macho mawili, moja juu ya jingine, yenye kope zilizoviringana. Macho yakiwa wazi, mpokeaji anaweza kutenganisha juu, katikati na chini. Mwalimu akabadilisha kebo, akaweka ndefu zaidi, na macho yakaanza kusinzia mbele yetu.

Sasa hesabu ambayo naipenda kuliko zote. Kila alama inadumu nanosekunde 8. Umeme kwenye waya wa shaba uliosokotwa husafiri kama theluthi mbili ya mwendo wa mwanga, yaani sentimita 20 hivi kwa kila nanosekunde. Kwa hiyo alama moja, ikiwa njiani, imelala kwenye kipande cha waya cha mita 1.6, kama kutoka mezani kwangu hadi mlangoni. Herufi ina alama kumi. Herufi N ina urefu wa mita 16. Neno "Nairobi" lina herufi saba, na urefu wake ni mita 112. Waya wa Ithaneti unaruhusiwa mita 100. Neno haliwezi kuenea lote ndani ya waya kwa wakati mmoja: N inakuwa tayari inaingia swichi wakati i ya mwisho bado inatoka kwenye kompyuta. Na fremu kubwa ya kawaida, ya baiti 1,518 (baiti moja ni biti nane, kama herufi yetu), ingenyooka kilomita 24 hivi, mbali kuliko kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa ndege wa JKIA.

Nimekaa na hesabu hiyo kwa makusudi. Fotokopi ikitoa mshtuko mfupi wa umeme na kuharibu mita 1.6 tu kati ya zile kilomita 24, fremu nzima inatupwa.

Tumwangalie anayepokea. Tatizo lake la kwanza ni mapigo. Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, hakuna anayehesabu kwa sauti. Kila mmoja anasikia mchi wa mwenzake na kuuinua wake kwa wakati. Chipu ya upande wa pili inafanya hivyo hivyo. Hakuna waya wa kubeba saa. Kila chipu ina kristali yake ya megahezi 25, na kanuni za Ithaneti zinaruhusu kristali ikosee sehemu 50 kwa milioni. Ikiwa mmoja anakimbia kwa kiasi hicho na mwenzake anachelewa kwa kiasi hicho, wanaachana alama moja nzima katika kila alama 10,000, yaani kila baada ya mikrosekunde 80. Fremu kubwa inachukua mikrosekunde 121. Kabla haijaisha, mpokeaji angekuwa ameteleza alama moja na nusu, na kila kilichofuata kingekuwa upuuzi. Kinachomwokoa ni mabadiliko ya volti: kila yanapotokea, anarekebisha saa yake kidogo. Volti ikilala muda mrefu bila kubadilika, anapoteza mdundo.

Hapo ndipo inapoingia hatua niliyoruka. Kabla ya kutoka, biti zinachanganywa na mfululizo unaofanana na bahati nasibu, lakini ambao pande zote mbili zinajua unavyozalishwa. Mpokeaji akishaupata mfululizo huo, anauondoa na kubaki na biti halisi. Faida yake kubwa ni kutawanya nguvu ya mawimbi, isijilundike kwenye masafa machache na kugeuza waya kuwa antena. Na anaupata mfululizo lini? Wakati hakuna anayesema chochote. Waya wa megabiti 100 kwa kawaida haunyamazi. Saa nane za usiku saiba ikiwa imefungwa, mradi swichi na kompyuta zina umeme, ile alama ya "niko hapa" inapita mamilioni ya mara kila sekunde kwenda na kurudi, na chipu mbili zinashikana mkono gizani.

Tatizo la pili ni uchakavu. Ukiwa umesimama stejini, matatu inayokuja kutoka mbali unaisikia kwa bezi kwanza. Maneno ya wimbo na vile vigongo vya juu huvipati mpaka ifike karibu. Waya unafanya vivyo hivyo. Katika mita 100 za Cat 5e, aina ya kawaida ya kebo ya mtandao, wimbi la megahezi 1 linafika likiwa na karibu asilimia 80 ya volti yake. La megahezi 100 linafika na asilimia 8. Kingo kali za ile ngazi ya juu-katikati-chini ndizo zinazoliwa, na kila alama inavuja ikaingia kwenye alama ya jirani. Kwa hiyo mlangoni mwa chipu kuna ekolaiza, kwa maana ile ile ya redio ya gari: inainua sauti za juu kwa kiasi ambacho waya umezishusha. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa kuzungusha kitufe. Chipu inapima yenyewe umbo la kinachoingia na kujirekebisha, kwa waya wa mita 2 na kwa waya wa mita 90.

Kati ya chipu na waya kuna transfoma ndogo, hivi kwamba shaba ya nje haigusi kabisa shaba ya ndani. Inatakiwa kuhimili volti 1,500. Nairobi, ambako watu huvusha waya kutoka ploti moja hadi nyingine yenye umeme wake na ardhi yake, transfoma hiyo imeokoa mashine nyingi, ingawa radi ikiamua kuja, haibakizi kitu. Transfoma nayo ina gharama: haipitishi volti iliyosimama. Data ikielemea upande mmoja kwa muda, mstari wa katikati unaanza kuhama polepole, na chipu inabidi iufuatilie na kuurudisha mahali pake.

Kwa gigabiti kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ni moja ya kazi nzuri kabisa za uhandisi wa miaka ile. Kanuni zake rasmi zilitoka 1999. Jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo zinatumika, viwango vya volti vinakuwa vitano, na kila jozi inabeba pande zote mbili kwa wakati mmoja. Fikiria wauzaji wawili wa soko la Gikomba, wanaitana kutoka vibanda vinavyotazamana, wote wakipaza sauti kwa pamoja bila kupumzika, na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Inawezekana kwa sababu kila chipu inajua hasa ilichotuma. Inakokotoa mwangwi wa sauti yake yenyewe, inautoa, na kinachobaki ni cha mwenzake. Inatoa pia kilichovuja kutoka jozi tatu za jirani. Inarudia haya mara milioni 125 kwa sekunde katika kila jozi.

Turudi Umoja.

Chipu haitumi volti kwenye waya mmoja. Inatumia nyaya mbili: mmoja ukipanda, mwenzake anashuka kwa kiasi kile kile, na mpokeaji anasoma tofauti yao tu. Nyaya hizo zimesokotwa pamoja ili kelele ya nje, iwe ya fotokopi au ya waya wa stima uliopita karibu, iziguse zote mbili sawasawa. Ukichukua tofauti, kelele inajifuta. Ulinzi wote wa kebo hii isiyo na ganda la chuma uko kwenye msokoto.

Sasa, kwenye kichwa cha RJ45, kile cha plastiki cha mwisho wa waya, kompyuta inatuma kwa pini 1 na 2, na inapokea kwa 3 na 6. Tatu na sita, zikiwa zimeruka nne na tano. Mpangilio huo una historia ya simu nyuma yake, na ndio mtego. Nilikishika kile kichwa juu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya plastiki ile angavu nyaya zilikuwa zimepangwa kwa nidhamu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi kando ya jozi. Inapendeza macho. Upande wa pili ulikuwa vile vile, ndiyo maana testa ilisifu zote nane.

Lakini pini 3 ilikuwa waya wa jozi ya kijani, na pini 6 waya wa jozi ya bluu. Kwa mita arobaini, nyaya mbili zilizotakiwa kukumbatiana zilikuwa kila mmoja amesokotwa na mgeni. Kelele ilimpata mmoja zaidi ya mwingine, na tofauti yao ikawa na kelele ndani yake.

Kwa nini taa ya kijani iliwaka basi? Kwa sababu kabla ya kuanza kazi chipu mbili hukubaliana kasi kwa mapigo mafupi yaliyoachana sana, mikrosekunde 62.5 kati ya nafasi moja na nyingine. Mapigo 17 ya kuhesabia, na kati yake nafasi 16 za kusema ninaweza hiki na siwezi kile. Ni polepole kiasi kwamba waya mbovu kabisa huyapitisha. Zikachagua kasi bora ambayo zote mbili zinaiweza, na hakuna iliyouliza waya kama nao unaiweza.

Na jozi ya kutuma, 1 na 2, ilikuwa nzima. Hili ndilo lililoniuma nilipolielewa. Fomu za wale wateja zilikuwa zikienda vizuri. Kilichokuwa kikifia njiani ni jibu. Fremu iliyoharibika hutupwa bila neno, kompyuta inasubiri, aliyetuma anatuma tena, fotokopi inaunguruma tena. Mteja anaona duara linazunguka, anabonyeza mara ya pili.

Neno moja kuhusu kebo zenyewe. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba, na inakatika ukiikunja mara chache. Kwangua kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea nyeupe ndani, iache dukani. Ya yule mama ilikuwa shaba kweli. Alinunua kitu kizuri, kikafungwa vibaya.

Nilikata vichwa vyote viwili nikapanga upya: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Msokoto nikaufungua kwa sentimita moja tu na kidogo. Nikakaza, nikachomeka, nikafuta hesabu ianze na sifuri. Nikamwomba mama anakili kurasa ishirini za chochote. Fotokopi ikaunguruma mpaka karatasi ya mwisho, na sifuri ikabaki sifuri.

"Kwa hivyo zile pesa zote, na ni huu mwisho wa waya?"

"Ni huu, mama. Pini ya tatu na ya sita."

Akakichukua kile kichwa nilichokata, akakitazama, akaenda nacho hadi kwenye swichi na kukilinganisha na vingine vilivyochomekwa pale. Macho yake ni makali kuliko nilivyodhani. "Fundi, hizi tano zingine pia zimepangwa hivi."

Zilikuwa hivyo. Zilinusurika kwa sababu ni za mita tatu, nne, na katika umbali huo volti bado ina nguvu za kutosha na kelele haijapata mahali pa kuingilia. Siku atakayosogeza meza, ataongeza waya, na yataanza upya. Nikamwomba kiti, nikakaa chini ya swichi, nikaanza na ya kwanza.